Unga wa nyuzinyuzi na kupunguza uzito: namna ya kuutumia bila kuumiza tumbo wala kumaliza hela

Kwenye kabati langu la jikoni kuna makopo mawili, moja lina unga mweupe wa inulini na lingine lina makapi ya isabgol, na kila anayeingia akiyaona anauliza swali lilelile, eti hii ndo ile dawa ya kukata tumbo? Nimeona bora niandike kwa mpangilio, maana nimeutumia huu unga wa nyuzinyuzi, yaani faiba, yale makapi ya mimea ambayo mwili hauwezi kuyameng'enya, mwaka na zaidi, mwanzoni nilikosea nikaumia, na kila siku naona watu wanapigwa hela kwa vitu ambavyo hata hawajui ndani kuna nini. Niseme mapema usije ukanilaumu: hauyeyushi mafuta. Unachokusaidia ni kushiba mapema kidogo, choo kwenda vizuri, na ile njaa ya saa kumi na moja jioni kupungua makali, na yeyote aliyewahi kujaribu kupunguza kula anajua hiyo njaa ya jioni ndo inayomwangusha mtu.

Hatua ya 1: jua ulichoshika mkononi

Neno pribayotiki, ambalo utakutana nalo kwenye unga wa aina hii, linachanganya watu sana na probayotiki. Probayotiki ni bakteria wenyewe walio hai, kama wale wa kwenye mtindi. Pribayotiki ni chakula cha bakteria wazuri ambao tayari unao kwenye utumbo mpana. Jina hilo lilianza kutumika 1995, walilitoa watafiti wawili, Glenn Gibson na Marcel Roberfroid, na walikuwa wanazungumzia vitu ambavyo sisi wenyewe hatuwezi kuvimeng'enya, vinapita tumboni na utumbo mwembamba bila kuguswa, vinafika chini huko bakteria wanavila.

Sasa madukani utakutana na aina kadhaa na hazifanyi kazi sawa. Inulini na ndugu yake oligofruktozi mara nyingi zinatoka kwenye mizizi ya mmea unaoitwa chikori, ni unga mweupe, una utamu wa mbali, unayeyuka kwenye uji moto bila shida, na hii ndo pribayotiki yenyewe haswa. Isabgol ni maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana India, Gujarat na Rajasthan, yanavuta maji yanakuwa kama ute wa bamia. Bakteria hawaili sana isabgol, kwahiyo kuiita pribayotiki ni kuipa sifa isiyo yake, lakini kwa kushibisha na kulainisha choo iko vizuri, na gesi yake ni ndogo kuliko ya inulini. Kuna glukomanani inayotoka kwenye kiazi cha konjac cha huko Asia, inavimba kuliko zote. Alafu kuna gundi ya miti ya migunga inayotoka sana Sudan, hiyo bakteria wanaila polepole, na wengi wenye tumbo jepesi wanaivumilia.

Inafanyaje kazi? Bakteria wakishakula nyuzinyuzi wanatoa asidi fulani ndogondogo za mafuta, na hizo zinagusa seli za kwenye ukuta wa utumbo ambazo zinaachia homoni za shibe, mojawapo inaitwa GLP-1. Ndo homoni ileile ambayo sindano kama Ozempic, ya kisukari ambayo wengi wanaitumia kupunguza uzito, zinaiiga, na hapo wauza unga wamepata pa kutokea, wanakuambia hii ni sindano ya asili. Nguvu yake haikaribii hata kidogo. Kuna utafiti ulifanyika Calgary, Kanada, ukatoka 2009, watu wenye uzito uliozidi walipewa gramu 21 za oligofruktozi kila siku kwa wiki 12, na hizo ni nyingi jamani. Walipungua kama kilo moja. Wenzao waliopewa unga usio na nyuzinyuzi waliongezeka karibu nusu kilo. Ndo ukubwa wa jambo lenyewe, kwahiyo anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi kwa kijiko cha unga usimpe hela yako.

Hatua ya 2: angalia kama wewe ni mtu wa kuanza au wa kuuliza kwanza

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, ongea kwanza na daktari wako, kwa sababu nyuzinyuzi zinachelewesha sukari kuingia kwenye damu na dozi uliyozoea inaweza ikawa kubwa kwako. Kama unapata shida kumeza, au uliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo au utumbo kuziba, isabgol na glukomanani usiziguse mpaka uulize. Wenye matatizo ya figo ambao wamepangiwa kiasi cha maji ya kunywa kwa siku pia waulize, maana huu unga bila maji ni hatari. Mjamzito aulize huko kliniki. Mtoto usimpe kwa kukisia.

Na wale ambao tumbo lao linawasokota na kujaa gesi kila wakila vitunguu au maharage, inulini inaweza kuwatesa kwelikweli kwa sababu iko kundi moja na hizo sukari za kwenye vitunguu zinazochacha haraka. Nyie anzeni na isabgol kama mnaanza kabisa.

Hatua ya 3: siku tatu andika unachokula kabla hujanunua chochote

Hii watu wanairuka na ndo yenye faida kubwa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Chukua daftari, andika siku tatu, moja iwe ya wikiendi maana Jumapili ndo tunajidanganya. Halafu pima kwa makadirio: kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama gramu 12 au zaidi, kunde kama 11, nusu parachichi 6 au 7, chungwa moja au ndizi mbivu moja kama 3. Kikombe cha wali mweupe hakifiki hata gramu moja.

Mimi nilipoandika nilishtuka. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali na kuku na kachumbari kidogo ya pembeni, jioni ugali wa sembe na samaki na mchicha vijiko viwili. Nilikuwa sifiki hata 12 kwa siku, alafu nalalamika choo kigumu na nalalamika nasikia njaa saa moja baada ya kula.

Na ajabu ni kwamba habari ya nyuzinyuzi kwa sehemu kubwa imetokea hukuhuku kwetu. Daktari mmoja wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi Uganda, kwanza Lira halafu hospitali ya Mulago pale Kampala, miaka ya 1940 mpaka 1960. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, ambaye alikaa Kenya na Uganda miaka mingi, waliona magonjwa yaliyojaa hospitali za Uingereza kama kufunga choo, bawasiri, kidole tumbo na mawe ya nyongo huku vijijini walikuwa hawayaoni sana. Burkitt akaanza kupima choo cha watu, uzito wake na muda ambao chakula kinatumia kupita mwilini, na 1972 yeye na wenzake wakachapisha vipimo hivyo kwenye jarida la Lancet: waliokula vyakula vyenye makapi choo chao kilikuwa kizito na kinatoka haraka. Yaani wengi wa hao wenye choo kizito walikuwa wanakula vyakula vya bibi zetu. Sisi tumehamia kwenye sembe nyeupe na mkate mweupe, alafu tunarudi dukani kununua makapi kwenye kopo.

Kwahiyo kabla ya kopo badilisha vitu viwili vitatu. Sembe iwe dona, hata ukichanganya nusu kwa nusu mwanzoni kama watoto wanagoma. Maharage, kunde, choroko au mbaazi mara moja kila siku. Vitunguu na vitunguu saumu weka bila uchoyo, vina inulini ya asili humohumo. Ndizi mbichi za kupika na viazi vilivyochemshwa vikapoa vina wanga mgumu ambao nao bakteria wanaupenda, hata kiporo cha maharage kina wanga huo zaidi kidogo, ila kiporo kiwekwe kwenye friji mapema, kisilale mezani.

Na ubuyu! Unga wa ubuyu karibu nusu yake ni nyuzinyuzi, kijiko kimoja cha chakula ukikoroga kwenye maji au mtindi unapata kama gramu 4 au 5. Nasema unga mweupe wenyewe, siyo ule mwekundu wa kumumunya, ule una sukari nyingi na rangi, utakuwa unaongeza uzito huku unajiona unapunguza.

Hatua ya 4: ukiona bado unapungukiwa, nunua, lakini soma nyuma ya kopo

Wiki mbili tatu za kula hivyo zikipita na bado hufiki gramu 25, labda kwa sababu kazini unakula mgahawani na huna uchaguzi, hapo kopo lina maana. Isabgol kwa Dar utaipata kwenye maduka ya viungo ya Wahindi huko Kisutu, Mombasa ulizia Marikiti, na famasi nyingi kubwa wanayo. Inulini mara nyingi iko famasi au supamaketi kubwa.

Geuza kopo usome. Unatafuta jina la kitu kimoja, inulini au isabgol, na gramu ngapi kwa kila kijiko. Kama kimeandikwa mchanganyiko wa mimea ishirini na hamna gramu za kila kimoja, rudisha. Kama sukari ni ya kwanza au ya pili kwenye orodha, rudisha, kuna isabgol za ladha ya chungwa ambazo sukari yake ni nyingi kuliko makapi. Angalia tarehe ya kuisha na uangalie kama kifuniko hakijafunguliwa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri kuhusu chai za kupunguza tumbo. Nyingi ndani yake kuna sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kuharisha, inasukuma utumbo, unaenda chooni mara nne, asubuhi mzani unaonyesha umepungua kilo na nusu unafurahi, kumbe yametoka maji na choo, mafuta yako palepale. Ukinywa miezi utumbo unaweza kuzoea kusukumwa, na madini mwilini kama potasiamu yanashuka, na potasiamu ikishuka sana moyo unayumba. Nyuzinyuzi haziharishi mtu hivyo. Ukinunua kitu kinaitwa faiba na siku hiyohiyo unakimbilia chooni kwa msokoto, soma tena nyuma ya pakiti.

Hatua ya 5: inulini, anza na kidogo mpaka uone kama unajidanganya

Siku ya kwanza mimi niliweka vijiko viwili vya chakula vilivyojaa kwenye uji, nikajisemea nikiweka nyingi ntapungua haraka. Saa nane mchana niko kazini tumbo limevimba kama ngoma, linauma kwa kukata, ikabidi niombe ruhusa nirudi nyumbani, nikalala ubavu mpaka magharibi. Sio kwamba unga ulikuwa mbovu. Bakteria walikuwa hawajazoea kupewa chakula chote hicho kwa mkupuo na wakichachusha wanatoa gesi.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza nusu kijiko cha chai, mara moja kwa siku, koroga kwenye uji wa ulezi au chai au mtindi. Hicho ni kama gramu moja na nusu. Wiki ya pili kijiko kimoja cha chai. Wiki ya tatu, tumbo likiwa limetulia, viwili, kimoja asubuhi kimoja jioni. Wiki ya nne unaweza kufika vitatu na wengi wanatosheka hapo. Ulaya wamekubali gramu 12 kwa siku za inulini ya chikori kuwa zinasaidia choo kutoka kawaida, kwahiyo hamna haja ya kuzidi vijiko vinne vya chai. Gesi ikizidi, rudi kiwango cha wiki iliyopita, kaa hapo siku saba, halafu jaribu tena. Hata isipokubali kupanda ukabaki na kijiko kimoja siku zote bado ni sawa.

Hatua ya 6: isabgol, maji kwanza

Hapa naomba usisome haraka. Mama mdogo wangu alikuja kunitembelea, akaona kopo, nikiwa uani naanua nguo akachota kijiko akakilamba kikavu kama mtu anavyolamba glukosi, akafuatisha na mafunda mawili ya chai. Nilipoingia alikuwa ameshika kifua, mate hayapiti, macho yamemtoka. "Mwanangu, imeniganda hapa," ndo kitu pekee alichoweza kusema. Tulimkimbiza hospitali, wakaitoa, akapona, lakini mpaka leo nikilikumbuka lile jioni mikono inatetemeka. Kule Marekani mamlaka ya dawa inalazimisha onyo la kukabwa koo liandikwe kwenye dawa za isabgol za unga, na glukomanani ina hatari hiyohiyo.

Namna yake ni hii. Chukua glasi kubwa ya maji, mililita 250, maji ya kawaida yasiwe ya baridi sana. Weka kijiko kimoja cha chai cha isabgol, koroga na unywe saa hiyohiyo ikiwa bado inateleza. Jaribu siku moja kuiacha glasi mezani dakika kumi uone, makapi yanajitandaza, maji yanaanza kuwa mazito kuanzia chini, mwisho ukiinamisha glasi kinaporomoka kipande kizima kinachotetemeka. Hicho ndo kinatokea tumboni na ndo maana unashiba, na ndo maana hutaki kitokee kooni. Ukimaliza kunywa, ongeza glasi nyingine ya maji matupu. Usilale papo hapo, wala usinywe ukiwa tayari kitandani. Baada ya wiki moja unaweza kupanda mpaka vijiko viwili, mara moja au mbili kwa siku.

Glukomanani nayo, kama umeipata, kiwango ambacho Ulaya wamekikubali kwa ajili ya uzito ni gramu 3 kwa siku, zimegawanywa gramu moja moja kabla ya kila mlo, na glasi moja au mbili za maji kila mara, na wameandika wazi ni kwa mtu ambaye amepunguza kula. Bila kupunguza kula hamna kitu.

Hatua ya 7: panga saa

Kwa kushiba, isabgol inywe kama nusu saa kabla ya mlo ule unaokushinda, usiigawe kila mlo kama hukuhitaji. Mimi mlo wangu mbaya ni wa usiku, kwahiyo nakunywa saa kumi na mbili na nusu jioni, saa moja nakula. Inulini saa haina shida sana, weka pale utakapokumbuka kila siku.

Dawa zako za hospitali ziache mbali, angalau masaa mawili kabla au baada, kwa sababu ule ute unaweza kuzishika zisiingie mwilini vizuri. Wanaotumia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingoni, waulize daktari kabisa, wengine wanahitaji nafasi ndefu zaidi.

Ramadhani ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kunywa baada ya kufuturu, siyo wakati wa daku, maana daku unaenda kukaa mchana mzima bila maji. Fungulia tende na maji, kula kidogo, isabgol na glasi mbili baadaye, halafu endelea kunywa maji mpaka unalala. Na ukiwa na safari ya basi ya masaa kumi, siku hiyo usipandishe kiwango, baki na ulichozoea au acha kabisa.

Hatua ya 8: pima vitu vinne

Uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi ukishatoka chooni. Kiuno kwa futi kamba ya fundi, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Choo, mara ngapi na kigumu au laini. Na njaa ya jioni, jipe namba kutoka 1 mpaka 10. Andika kwenye daftari lilelile. Wiki mbili za kwanza mzani unaweza hata kupanda kidogo kwa sababu utumbo umebeba maji na makapi zaidi, usitupe kopo kwa hilo.

Acha na uende hospitali ukiona maumivu makali yasiyoisha, kutapika, damu kwenye choo, tumbo limevimba na choo wala hewa haitoki, au kitu kimekwama kooni.

Hatua ya 9: baada ya miezi mitatu amua

Angalia daftari. Kama njaa ya jioni imeshuka na kiuno kimepungua hata sentimita mbili, endelea. Mimi kwa miezi minne nilipungua kilo tatu na nusu na sijidanganyi kwamba ni kopo, nyingi ni dona, maharage na kuacha soda, kopo lilinisaidia nisirudi jikoni saa nne usiku. Kama hamna kilichobadilika, punguza polepole kwa wiki moja, usiache ghafla choo kisije kikagoma, halafu hiyo hela ya kopo peleka sokoni ukanunue kunde na mboga.

Mimi kopo likiisha sa hivi sikimbilii kununua lingine. Nakaa wiki mbili naangalia choo na njaa vinaendaje kwa chakula tu, na mara ya mwisho nilikaa wiki sita kabla sijarudi Kisutu.